Uzio Hauzuii Maji: Kerneli, Konteina na Mizani ya Maembe

Kisa hiki nimekaa nacho muda mrefu kwa sababu ya aibu. Ni kisa cha kompyuta moja ndogo, kilo 72 za maembe, na mstari mmoja wa onyo ambao niliuona na kuupuuza. Kuna mambo ya kerneli ya Linux humu ndani, lakini msikimbie. Nitayaeleza polepole.

Mwishoni mwa mwaka 2023 kikundi cha wakulima wa maembe karibu na Kathonzweni, Makueni, kiliniita niwasaidie kwenye kituo chao cha kupimia. Kituo chenyewe ni banda la mabati, mizani, meza ya karani, na mti mkubwa ambao watu husubiri chini yake. Walitaka kuacha daftari. Kila mkulima akileta kreti zake, kilo ziingie kwenye kompyuta, na jioni orodha ya malipo ya M-Pesa iwe tayari. Walichanga pesa, nikawanunulia kile kibao cha kompyuta cha bei nafuu ambacho hutoshea kwenye kiganja: prosesa ya ARM yenye viini vinne, RAM ya gigabaiti 2, na kadi ya SD badala ya diski. Kinakula umeme kidogo sana, kwa hiyo hata stima ikipotea, betri ya sola inakibeba siku nzima.

Sasa, mnajua mambo ya kijijini. Kitu cha kuchanga ni cha wote. Wiki ya pili tu, vijana wa kikundi waliomba nafasi ya programu yao ya picha. Huwa wanapiga picha mitego ya nzi wa matunda shambani, na picha hizo ni za maana kuliko mtu anavyofikiri: mwaka 2014 Kenya ilisitisha yenyewe kupeleka maembe Ulaya kwa sababu ya nzi huyo, na safari hiyo haikuanza tena hadi 2021. Kisha shule ya jirani nayo ikaomba Wikipedia ya Kiswahili isiyohitaji intaneti, ile inayosomwa kupitia Kiwix. Sikuona ubaya. Wapangaji watatu, nyumba moja.

Kila mpangaji nilimpa konteina yake kwa kutumia Docker. Programu ya mizani ilikuwa yangu. Ya picha niliiwekea mpaka: isitumie zaidi ya megabaiti 400 za RAM. Niliandika amri, nikabonyeza, na pale kwenye skrini ukatokea mstari mmoja wa onyo ukisema kwamba kerneli haina uwezo wa kuweka mpaka wa RAM, kwa hiyo mpaka umetupwa. Konteina ikaanza kazi bila shida yoyote. Nami nikaenda kula muthokoi.

Januari 2024, siku ya mavuno mengi, ndipo mambo yalipoharibika.

Saa nne na nusu asubuhi kijana mmoja alikuja na simu tatu zilizojaa picha za siku nne, akazipakia zote kwa pamoja. Programu ya picha ikaanza kuzipunguza ukubwa, na kwa kuwa aliyeiandika alitaka iwe na kasi, kila picha ilifunguliwa mchakato wake. Michakato zaidi ya 40 kwa mpigo, kila mmoja ukila megabaiti kama 40. Ukipiga hesabu utaona RAM yote ya gigabaiti 2 ilikuwa inaelekea wapi.

Linux ikiishiwa RAM kabisa huchagua mchakato mmoja na kuuua ili mashine nzima isigande. Uchaguzi wake hautazami mwenye kosa ni nani; kwa kawaida hutazama nani peke yake ameshika RAM nyingi. Michakato ya picha ilikuwa mingi lakini kila mmoja mdogo. Mkubwa kuliko wote alikuwa mmoja tu: programu yangu ya mizani. Ikauawa. Karani aliona skrini imekwama, akaniita. Nilipoiwasha tena, uzani wa watu 17 ulikuwa haupo.

Hapa kuna kosa langu la pili, nalo nitalisema wazi. Nilikuwa nimeogopa kuichosha kadi ya SD kwa kuiandika kila mara, kwa hiyo programu ilikuwa inaweka kumbukumbu kwenye RAM kwanza, kisha inazihifadhi kila baada ya dakika 20. Watu 17 ndio waliopimiwa katika hizo dakika. Kreti zao zilikuwa zimeshapakiwa kwenye lori pamoja na za wengine, na huwezi kumuuliza embe ni la nani.

Tuliita kila mmoja wa wale 17 ataje kilo anazokumbuka. Lori lilipimwa kiwandani: kilo 3,460. Zilizokuwa zimehifadhiwa kwenye kompyuta ni 2,320. Kwa hiyo za wale 17 zilipaswa kuwa 1,140. Jumla ya walizotaja ilifika 1,212. Zilizidi kilo 72, na kwa bei ya siku ile, shilingi 20 kwa kilo, hizo ni shilingi 1,440. Mwenyekiti hakutaka kumwambia mtu yeyote kwamba amedanganya, na mimi ndiye niliyesababisha. Nililipa tofauti hiyo kutoka mfukoni.

Shilingi 1,440 si pesa za kumfilisi mtu. Kilichoniuma ni namna watu walivyotazamana pale chini ya mti. Kabla ya kompyuta yangu, hakuna aliyewahi kulazimika kujiuliza kama jirani yake ameongeza kilo tano.

Jioni nilibaki na kibao changu. Amri ya kwanza ilikuwa dmesg, na pale palikuwa na maiti: mstari unaosema RAM imekwisha na mchakato wangu umeuawa. Swali likawa: mbona mpaka wa megabaiti 400 haukuzuia? Nikakumbuka lile onyo. Kerneli nyingi huweka ndani yake nakala ya machaguo yaliyotumika kuijenga, na hii ilikuwa nayo. Nikaandika:

zcat /proc/config.gz | grep MEMCG

Jibu:

# CONFIG_MEMCG is not set

Basi. Kerneli iliyokuja na kibao, toleo la 4.9 lililotengenezwa na waliouza kibao chenyewe, ilikuwa imejengwa bila uwezo wa kupima RAM ya kikundi cha michakato. Pengine waliijenga kwa ajili ya masanduku ya televisheni, na sanduku la televisheni halina wapangaji. Kwa hiyo mpaka niliouandika ulikuwa maneno matupu. Ni kama kibao cha "hakuna kuegesha" mahali ambapo hakuna askari.

Asubuhi yake nilikuwa nafunga vifaa vyangu wakati bibi mmoja kati ya wale 17 alipokuja. Nilimwita susu, kama tunavyowaita bibi zetu Ukambani. Yeye alikuwa ametaja kilo 60 na kuongeza, "si zaidi ya hapo." Akauliza, bila hasira, "Mwanangu, hivi vitu vitatu ulisema umevitenga. Vimeumizana vipi?"

Nilijaribu kumweleza kwa mto wa mchanga. Wale ambao hamtoki huku: mito yetu mingi hukauka juu, na maji hubaki chini ya mchanga. Mimi nimekulia karibu na Tiva, Kitui, ambako kila familia huchimba kisima chake mchangani na kukizungushia miiba ili ng'ombe wasiingie. Nikamwambia, "Susu, ni kama visima vya mchangani. Kila mmoja nilimwekea uzio wake."

Alicheka kidogo. "Uzio ni wa ng'ombe," akasema. "Maji hayajui uzio. Mmoja akileta pampu, visima vyote vinakauka. Kwetu tulikuwa tunahesabu mitungi."

Nimesoma maelezo mengi ya konteina tangu niwe chuoni, na sijapata yaliyo bora kuliko hayo. Hebu niyapanue kidogo kwa ajili ya wasomaji wanaotaka kujua ndani kunafanyika nini.

Konteina si kompyuta ndogo ndani ya kompyuta. Ni michakato ya kawaida ambayo kerneli imeiwekea vitu viwili. Cha kwanza ni uzio: mchakato hauoni faili, mtandao wala michakato ya jirani. Hayo ni machaguo ya familia ya CONFIG_NAMESPACES. Wazo lenyewe ni la zamani. Unix toleo la 7 la mwaka 1979 lilikuwa tayari na chroot, inayomfanya mchakato auone mzizi mwingine wa faili. Linux ikaongeza nyuzio moja moja: wa mafaili mwaka 2002, wa namba za michakato mwaka 2008, na wa watumiaji ukakamilika mwaka 2013 katika toleo la 3.8.

Cha pili ni kipimo: mitungi mingapi kwa siku. Hii ni familia ya CONFIG_CGROUPS, iliyoanzishwa na wahandisi wa Google mwaka 2006 na kuingia kwenye kerneli toleo la 2.6.24, Januari 2008. CONFIG_MEMCG ni tawi lake la RAM. Uzio na kipimo ni vitu viwili tofauti kabisa kwenye msimbo, na unaweza kujenga kerneli yenye kimoja bila kingine. Docker ilipoonyeshwa kwa umma Machi 2013, ilivifunga pamoja kwa amri moja rahisi, na sisi vijana tuliokuja baadaye tukadhani ni kitu kimoja. Mimi nilidhani hivyo. Nilikuwa na uzio, nikaamini nina kipimo.

Kuna njia ya tatu: kila familia kuwa na tangi lake. Hiyo ndiyo mashine pepe yenyewe, ambapo kila mpangaji anakuja na kerneli yake na anatengewa RAM yake. Linux ina uwezo huo tangu toleo la 2.6.20 la Februari 2007, kupitia CONFIG_KVM. Vituo vikubwa vya data hukata seva zao kubwa vipande kwa teknolojia ya aina hii. Katika kaunti hiyohiyo ya Makueni kuna mji wa Konza, ambao Rais Mwai Kibaki aliuzindua Januari 2013, na Kituo cha Kitaifa cha Data kiko huko. Ukipita barabara ya Mombasa unaweza kudhani mambo haya ni ya majengo kama yale tu. Lakini tangi linahitaji nafasi. Kwenye gigabaiti 2, kerneli tatu na mifumo mitatu kamili ingebanana kabla hata embe moja halijapimwa. Mwenye kibao cha mfukoni analazimika kuchota mto mmoja na wenzake, kwa hiyo anahitaji kipimo kuliko mwenye seva ya Konza.

Njia iliyobaki ilikuwa kujenga kerneli upya. Uzuri wa Linux ni kwamba inatolewa kwa leseni ya GPL toleo la 2, kwa hiyo msimbo wake ni haki yako kuusoma, kuubadili na kuujenga. Prosesa ya kibao chetu ilikuwa tayari inaungwa mkono na kerneli rasmi, kwa hiyo sikuhitaji ile ya kiwandani tena. Nilichagua toleo la 6.1, lililotoka Desemba 2022 na ambalo hutunzwa kwa miaka mingi. Faili lake lililobanwa ni takriban megabaiti 130. Nililipakua usiku kwa bando la simu.

Tatizo lilikuwa mashine ya kujengea. Kukompaili kerneli kwenye kibao chenyewe kungechukua saa nyingi mno. Rafiki yangu tuliyesoma naye anaishi Kwa Vonza, Kitui, karibu na Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya, na ana kompyuta ya mezani yenye viini vinane. Nikapanda matatu kutoka Wote hadi Machakos, nikabadilisha, nikapita Masii na Wamunyu, na jioni nikawa kwake na kibao ndani ya kiondo.

Kompyuta yake ni ya aina ya x86 na kibao ni ARM, kwa hiyo tulitumia kompaila inayojenga kwa ajili ya mashine nyingine:

make ARCH=arm64 CROSS_COMPILE=aarch64-linux-gnu- defconfig
make ARCH=arm64 CROSS_COMPILE=aarch64-linux-gnu- menuconfig

Amri ya kwanza inaweka machaguo ya kawaida ya ARM ya biti 64. Ya pili inafungua menyu ya kuyabadili. Kila chaguo lina majibu matatu hivi: y maana yake liwe ndani ya kerneli yenyewe, m maana yake liwe moduli inayopakiwa ikihitajika, na n maana yake lisiwepo. Baadhi hukubali y na n tu. MEMCG ni mojawapo.

Mengi niliyoyahitaji yalikuwa tayari yamewashwa katika machaguo ya kawaida. Safari hii sikutaka kuamini. Nilipita moja moja, nikasoma maelezo yake. Haya ndiyo niliyoyahakikisha, kwa wale watakaotaka kufanya vivyo hivyo:

Kwa uzio: CONFIG_NAMESPACES, CONFIG_UTS_NS, CONFIG_IPC_NS, CONFIG_PID_NS, CONFIG_NET_NS na CONFIG_USER_NS.

Kwa kipimo: CONFIG_CGROUPS, CONFIG_MEMCG ya RAM, CONFIG_CGROUP_PIDS ya idadi ya michakato, CONFIG_CFS_BANDWIDTH ya muda wa prosesa, na CONFIG_BLK_CGROUP ya kusoma na kuandika diski.

Kwa mtandao na mafaili: CONFIG_VETH na CONFIG_BRIDGE ili konteina ziwasiliane na nje, na CONFIG_OVERLAY_FS ili konteina zishiriki tabaka za chini za mafaili bila kila moja kubeba nakala yake. Kwenye kadi ya SD hilo ni jambo kubwa.

Mawili yanastahili maelezo. CONFIG_CGROUP_PIDS ndilo lingeniokoa hata kabla ya MEMCG, kwa kuwa lingeizuia programu ya picha kufungua michakato zaidi ya, tuseme, minane. Na CONFIG_USER_NS linamfanya mkuu wa ndani ya konteina kuwa mtu wa kawaida nje yake. Ni zuri, lakini pia linawafungulia watumiaji wa kawaida sehemu za kerneli ambazo zamani zilikuwa za mkuu tu, na makosa kadhaa ya kiusalama yamepitia mlango huo. Ndiyo maana Debian waliwafungia watumiaji wa kawaida hadi toleo la 11 la mwaka 2021. Mimi niliwasha, kwa kuwa kwenye kibao chetu hakuna mgeni anayeingia na kuandika amri.

Kisha nikafanya ujanja wa kupunguza. Machaguo ya kawaida yana diraiva za mamia ya vibao ambavyo hatuna, kwa hiyo nilizima nyingi ili ujenzi uwe mfupi. Tukaanza kukompaili saa tatu usiku. Dakika ya ishirini hivi, stima ikapotea Kwa Vonza yote.

Tulikaa gizani tukila ndizi. Iliporudi, niliandika make tena, kwa kuwa make hutazama kilichokwisha jengwa na kuendelea pale ilipoachia. Lakini mwisho wa ujenzi ikagoma, ikilalamika juu ya faili lisilosomeka. Umeme ukikatika ghafla, baadhi ya mafaili yaliyokuwa yanaandikwa hubaki na jina lakini bila kitu ndani, na make inaona jina tu. Dawa yake:

find . -name '*.o' -size 0 -delete

Ukiisha kufuta hayo matupu, make inayajenga upya. Saa sita kasoro tulikuwa na kerneli mpya.

Haikuwaka. Nilichomeka kebo ya kusomea ujumbe wa kibao, na mwisho wake ulisema kerneli haiwezi kupata mfumo wa mafaili wa mzizi. Nilijua mara moja. Katika kupunguza kwangu, diraiva ya kisomaji cha kadi ya SD nilikuwa nimeiacha kwenye m. Moduli yenyewe imehifadhiwa ndani ya kadi, na huwezi kuisoma kadi bila moduli. Ufunguo umefungiwa ndani ya nyumba. Nikaigeuza kuwa y, na mfumo wa mafaili wa ext4 nikahakikisha ni y pia, tukajenga tena. Kwa bahati nilikuwa nimebakiza ile kerneli ya zamani kwenye kadi, na jambo hilo nawasihi mlifanye kila mara. Usifute ya zamani hadi mpya imeishi wiki nzima.

Ilipowaka, sikulala kabla ya kufanya jaribio. Niliwasha konteina zote tatu kwa amri zilezile, na safari hii nilisoma kila mstari uliotokea. Hakukuwa na onyo. Nikafungua faili la memory.max la konteina ya picha: 419430400, yaani megabaiti 400 kamili. Kisha nikapakia picha 300 kwa mpigo, makusudi. Ndani ya sekunde chache mchakato mmoja wa picha ukauawa, na kwenye faili la memory.events hesabu ya oom_kill ikapanda kutoka 0 hadi 1. Programu ya mizani haikutikisika. Aliyeleta pampu ndiye aliyekaukiwa.

Kisha nikakaa chini na kurekebisha ile ya dakika 20. Sasa kila uzani unaandikwa kwenye kadi papo hapo. Kadi ya SD ikichoka, tutanunua nyingine. Uzani wa mtu ukipotea hauuzwi dukani.

Nilirudi Kathonzweni siku mbili baadaye. Niliwaeleza wanakamati kilichotokea, na sikusema "mfumo ulikuwa na hitilafu," kama tunavyopenda kusema sisi watu wa kompyuta. Niliwaambia kwamba mashine ilinionya na sikusoma. Mwenyekiti akauliza kama inaweza kutokea tena. Nikamjibu kwamba kwa njia ileile, hapana. Kwa njia nyingine, siwezi kuapa. Wakashauriana, wakaamua kompyuta ibaki, lakini karani aandike pia kwenye daftari hadi msimu uishe.

Nilitamani kupinga. Kuondoa daftari ndiyo ilikuwa kazi niliyoitiwa. Lakini nilitazama nje, watu walikuwa wanashusha kreti, na nikanyamaza.

Tangu hapo nina desturi moja. Kabla sijamwambia mteja yeyote kwamba nimemtengea nafasi yake kwenye mashine ya pamoja, ninaivunja mbele yake. Ninajaza RAM, ninafungua michakato mpaka ikome, na tunatazama pamoja nani anakufa. Ikifa ninayoitarajia, tunaendelea. Pia kuna hati mbili za kukagua mnazoweza kuzitumia bila kuvunja kitu: lxc-checkconfig, na check-config.sh ya wanaoendeleza Docker. Zinasoma machaguo ya kerneli yako na kukuambia kipi hakipo. Huchukua sekunde chache. Zingeniokolea shilingi 1,440, na pia jioni ile chini ya mti.

Msimu uliofuata nilipita kuwasalimu. Kibao kilikuwa bado kinafanya kazi, kimejaa vumbi, kwenye kerneli ileile ya Kwa Vonza. Faili la machaguo yake, lile la .config, nimeliweka kwenye kijiti cha USB ndani ya droo ya karani. Juu ya droo kulikuwa na daftari. Msimu mzima ulikuwa umepita na karani bado alikuwa anaandika kila mzani mara mbili. Susu alikuwa kwenye foleni. Alipofika mbele alisubiri mpaka kilo zake zitokee kwenye skrini, kisha akainama na kuhakikisha zimeandikwa na kwa kalamu.

Haya, tutaonana tena. Someni maonyo.